Akina Hamed Wanne: Jina, Nasaba na Lakabu katika Historia ya Pwani

1. Utangulizi

Mtafiti anayeshughulikia historia ya pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya kumi na tisa hukutana mapema na jina Hamed. Atalikuta katika orodha ya masultani wa Unguja, katika habari za misafara ya pembe za ndovu iliyofika Kongo, na katika tenzi za Mrima. Hukutana nalo likiandikwa Hamed mahali pamoja, Hamad mahali pengine, na kwingineko Hamid, Hemed au Hemedi. Na karibu yake atamkuta Hamud, ambaye huandikwa pia Hamoud. Wenye majina hayo walikuwa watu mbalimbali, wenye vyeo na kazi mbalimbali, nao waliishi katika kizazi kimoja. Asipoangalia, msomaji huweza kuwafanya wawili kuwa mmoja, au mmoja kuwa wawili.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, ni kina nani hao walioshirikiana jina hilo, na kila mmoja alitenda nini. Pili, jamii iliyowapa watu wengi jina moja iliwatofautisha kwa njia zipi, na kwa nini njia hizo hupotea majina hayo yanapohamishiwa katika faharasa na orodha zetu za marejeo. Rai inayotetewa hapa ni kwamba katika utaratibu wa majina wa Waswahili jina la kwanza halikukusudiwa kumtambulisha mtu likiwa peke yake. Anayelitenga na nasaba, nisba, lakabu au cheo huwa amevunja utaratibu huo, na matokeo yake ni kosa la kihistoria, wala si kosa la tahajia tu.

2. Watu wanne

Wa kwanza ni Hamed bin Thuwaini, mjukuu wa Seyyid Said bin Sultan kwa mwanawe Thuwaini aliyetawala Maskati. Hamed alitawazwa kuwa Sultani wa Unguja mwezi wa Machi 1893 baada ya kufariki ammi yake, Ali bin Said, nchi ikiwa tayari chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Kwa wasomaji wa Kenya jina lake lina uzito wa pekee. Ni katika enzi yake, tarehe 14 Desemba 1895, ulipofanywa mkataba uliowapa Waingereza uendeshaji wa ukanda wa pwani wa maili kumi, ukanda ambao kisheria ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani hadi 1963. Alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia katika jumba la kifalme bila ya idhini ya Waingereza, na siku mbili baadaye manowari zao zikalipiga jumba hilo mizinga kwa muda usiotimia saa moja.

Wa pili ni Hamud bin Muhammed, ambaye Waingereza walimweka katika kiti siku ile ile ya mizinga, tarehe 27 Agosti 1896. Naye alikuwa mjukuu wa Seyyid Said bin Sultan, kwa mwanawe mwingine, Muhammed. Alitawala hadi alipofariki mwezi wa Julai 1902. Tendo linalokumbukwa zaidi katika enzi yake ni amri ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya utumwa kisheria katika visiwa vya Unguja na Pemba. Amri hiyo haikuwaweka huru watumwa wote mara moja: aliyetaka uhuru wake alilazimika kwenda kuudai mbele ya mahakama, na masuria hawakuingizwa humo hadi 1909. Lakini kwa vyovyote vile ilikuwa ni sheria, na chini yake lilikuwa jina la Hamud bin Muhammed.

Wa tatu ni Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, aliyejulikana kwa lakabu ya Tippu Tip. Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, akafanya safari za miaka mingi katika Tanganyika ya magharibi na Kongo ya mashariki, akakutana na Livingstone, Cameron na Stanley, na mwaka 1887 akakubali kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold. Alirudi Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890, akakaa mjini hadi kufa kwake mwaka 1905. Habari za maisha yake, alizozitoa mwenyewe kwa Kiswahili kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, zilianza kuchapishwa Berlin mwaka 1902. W.H. Whiteley alizitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya tawasifu katika nathari ya Kiswahili.

Wa nne ni Hemedi bin Abdallah bin Said bin Abdallah bin Masudi el Buhriy, mshairi wa pwani ya Tanga. Ndiye mtungaji wa utenzi juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, ambao jina lake lachukua mwaka 1307 wa Hijra, yaani 1889 hadi 1890. Mambo unaoyasimulia ni yale yaliyofuata mwaka 1888, wakati Sultani Khalifa bin Said alipowakabidhi Wajerumani uendeshaji wa pwani ya bara, na wenyeji wakainuka chini ya Abushiri bin Salim na viongozi wengine. Utenzi huo ulitolewa na J.W.T. Allen pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hemedi huyo ndiye pia mtungaji wa Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani.

Basi tuna masultani wawili, mfanyabiashara mmoja na mshairi mmoja. Jambo la kuzingatia ni hili: tangu Agosti 1896 hadi Julai 1902, katika mji mmoja wa Unguja, walikuwapo Hamud bin Muhammed aliyeketi katika kiti cha enzi na Hamed bin Muhammed aliyeketi nyumbani kwake akiwa mzee tajiri. Mmoja amewekwa katika historia kwa amri iliyofuta utumwa kisheria, na mwingine kwa utajiri ambao sehemu yake ilitokana na utumwa huo huo. Kinachowatenga katika maandishi ni irabu moja.

3. Mzizi mmoja, maumbo mengi

Majina haya yote yatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti tatu, he, mimu na dali, ambao maana yake ni kusifu na kushukuru. Humo ndimo linamotoka neno 'alhamdulillahi', na jina la Mtume Muhammad, pamoja na Ahmad, Mahmud, Hamid, Hamad na Hamud. Si ajabu basi kwamba majina ya mzizi huu yameenea mno katika jamii ya Kiislamu ya pwani. Mzazi aliyemwita mwanawe Hamed hakutafuta jina ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Alitafuta jina lenye baraka, na baraka haipungui kwa kutumiwa na wengi.

Katika hati za Kiarabu Hamad huandikwa kwa herufi tatu tu: he, mimu, dali. Hamud huongezewa wau kati ya mimu na dali, kwa sababu irabu yake ya pili ni ndefu. Ahmad huanza kwa alifu. Kwa hiyo mwandishi wa zamani aliyeandika kwa hati hizo alikuwa na alama iliyo wazi ya kumtenga Hamud na Hamad, ingawa irabu fupi hazikuandikwa. Mambo yalibadilika majina yalipoingizwa katika hati za Kirumi. Hapo kila mwandishi wa Kizungu aliandika kama alivyosikia, na kila mmoja alisikia kwa sikio la lugha yake. Irabu fupi ya pili ya Hamad, ambayo katika matamshi ya wengi huelekea e, ikaandikwa a, e au i. Ndipo mtu mmoja akawa Hamad, Hamed na Hamid katika vitabu vitatu, na hali Hamid ni jina jingine kabisa.

Kwa upande wake Kiswahili kilikuwa na dawa yake. Lugha hii haipendelei silabi inayoishia kwa konsonanti, kwa hiyo majina ya Kiarabu yaingiapo huongezewa irabu mwishoni: u baada ya konsonanti za midomo, kama katika Rajabu, Salimu na Yusufu, na i baada ya nyingi nyinginezo, kama katika Saidi na Rashidi. Vivyo hivyo twapata Hamadi, Hamudi na Hemedi. Na kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, nyongeza hiyo ya irabu huuvuta mkazo mpaka katika silabi inayotofautisha: Hama'di hutamkwa kwa kukaza 'ma', Hamudi kwa kukaza 'mu', Hemedi kwa kukaza 'me'. Lakini tukiyaandika na kuyasoma kwa Kiswahili bila ya irabu ya mwisho, Hamed na Hamud, mkazo huangukia 'Ha' katika majina yote mawili, na irabu inayowatenga hudhoofika. Yaani umbo lile ambalo baadhi ya wasomi wamelidharau kuwa ni la watu wasiojua Kiarabu ndilo linalolinda tofauti vizuri zaidi katika kinywa cha Mswahili.

Mzizi huu umezaa pia maumbo yaliyokwenda mbali zaidi. Sultani wa Pate aliyefariki mwaka 1809 anajulikana katika masimulizi kuwa ni Fumo Madi. 'Fumo' ni cheo cha kale cha kiongozi, na 'Madi' ni umbo la Kiswahili la jina lililotoka katika mzizi huu huu. Jina lake rasmi lilikuwa Muhammad. Msomaji asiyeujua utaratibu huu atawaweka Fumo Madi na Sultani Muhammad bin Abubakari katika mafungu mawili, akafikiri kwamba Pate iliwahi kuwa na wafalme wawili pale ambapo palikuwa na mmoja.

4. Nasaba, nisba, lakabu na cheo

Jamii yenye majina machache na watu wengi haina budi kuwa na njia za kutofautisha. Waswahili walikuwa nazo nne.

Njia ya kwanza ni nasaba, yaani mnyororo wa majina ya baba, babu na kuendelea, yaliyounganishwa kwa 'bin' au 'binti'. Urefu wa mnyororo hautegemei cheo cha mtu, bali hutegemea haja. Thuwaini si jina la kawaida katika pwani yetu, na kwa hiyo 'Hamed bin Thuwaini' yatosha. Muhammed ni jina la wengi, na kwa hiyo 'bin Muhammed' peke yake haimtengi mtu na mwenzake. Ni lazima tupande hatua moja zaidi hadi kwa babu. Hapo twampata Hamed bin Muhammed bin Juma kwa upande mmoja, na Hamud bin Muhammed bin Said kwa upande wa pili, na shaka huondoka.

Njia ya pili ni nisba, yaani jina la kabila au ukoo, kama vile el Busaidi, el Murjebi na el Buhriy. Hii huwatenga watu wa koo mbalimbali, lakini haiwezi kuwatenga watu wa ukoo mmoja: masultani wetu wawili walikuwa el Busaidi wote.

Njia ya tatu ni lakabu. Hapa yafaa tuitazame jamaa ya Tippu Tip mwenyewe. Baba yake alikuwa Muhammed bin Juma. Ndugu yake kwa mama alikuwa Muhammed bin Masud el Wardi. Mshirika wake mashuhuri katika nchi za Ujiji alikuwa Muhammed bin Khalfan el Barwani. Pamezungukwa Hamed mmoja na akina Muhammed watatu. Lakini wenyeji wa bara hawakusumbuka hata kidogo. Ndugu walimwita Kumbakumba, mshirika wakamwita Rumaliza, na Hamed wakamwita Tippu Tip, lakabu ambayo wengine huieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake na wengine kuwa ni kupepesa kwa macho yake. Lakabu hizi hazikutolewa na wazazi wala hazikuombwa na wenyewe. Zilitolewa na watu waliowaona wakipita, na mara nyingi waliokuwa na sababu ya kuwaogopa. Kwa hiyo lakabu hubeba ushahidi wa kihistoria ambao nasaba haina: yatuambia mtu alionekanaje machoni pa waliokutana naye.

Njia ya nne ni cheo: Seyyid, Fumo, Sheikh, Mwinyi, Bwana. Cheo hutangulia jina, na kwa sababu hiyo mgeni huweza kukidhania kuwa ndicho jina la kwanza. Hatari kubwa iko katika neno 'Seyyid', ambalo baadhi ya waandishi huliandika 'Said' na kulichanganya na jina Said. Hayo ni maneno mawili ya mizizi miwili. 'Seyyid' ni bwana, na Said ni mwenye heri. Seyyid Said bin Sultan alikuwa na yote mawili, cheo na jina.

Yafaa kutambua kwamba njia hizi hazikutumika zote mahali pamoja. Mjini Unguja Sultani alitajwa kwa cheo, kwani Seyyid aliyeketi katika kiti alikuwa mmoja tu kwa wakati. Katika njia za misafara mtu alitajwa kwa lakabu. Katika hati za kadhi na katika beiti ambamo mtunzi hujitaja, palitumika nasaba na nisba. Kila mduara wa watu ulikuwa na njia yake, na ndani ya mduara huo utata haukuwapo. Utata huzaliwa pale jina linapotolewa katika mduara wake na kupelekwa mahali pengine bila ya kuchukua alama yake ya utambulisho.

5. Matatizo ya faharasa

Mahali hapo pengine, kwa wakati wetu, ni faharasa ya kitabu, katalogi ya maktaba na orodha ya marejeo. Taratibu hizi zilibuniwa kwa ajili ya majina ya Ulaya, ambako neno la mwisho ni jina la ukoo na la kwanza huweza kufupishwa kuwa herufi moja. Utaratibu huo ukitumiwa kwa majina yetu bila ya kufikiri, huleta makosa ya aina tatu.

Kosa la kwanza ni kumfanya baba kuwa ukoo. Katika maktaba moja ya ng'ambo ambamo mwandishi wa makala haya alisoma, maisha ya Tippu Tip yaliorodheshwa mara chini ya 'Muhammed', mara chini ya 'Murjebi', mara chini ya 'Tippu', bila ya kadi moja kuelekeza kwa nyingine. Anayeandika '(Muhammed 1902)' katika makala yake amemtaja baba, ambaye hakuandika kitabu chochote, na mwana amemwacha.

Kosa la pili ni kufupisha jina la kwanza. 'H. bin Muhammed' ni nani? Kwa miaka ile sita tuliyoitaja, maandishi hayo huweza kuwa ni Sultani na huweza kuwa ni Tippu Tip. Irabu ile moja iliyowatenga imefutwa, na hakuna kilichowekwa badala yake. Mwanafunzi atakayeikuta amri ya 1897 ikinasibishwa kwa 'H. bin Muhammed', kisha akaikuta tawasifu ya 1902 chini ya jina hilo hilo, hana sababu ya kutowafanya kuwa mtu mmoja. Atakuwa amemtia mfanyabiashara wa watumwa kalamu ya kuufuta utumwa mkononi mwake.

Kosa la tatu ni kuiangusha 'bin'. Desturi hii imeenea sana katika Afrika Mashariki, na katika mazungumzo haina madhara. Lakini katika maandishi ya utaalamu huficha uhusiano. Sheikh Ali Hemedi el Buhriy wa Tanga, mwanachuoni ambaye kitabu chake juu ya sheria ya mirathi kilitolewa katika miaka ya 1920, ni Ali bin Hemedi, mwana wa mshairi wetu. Neno 'Hemedi' katika jina lake si jina lake la pili: ni mtu mwingine kamili, mwenye kazi zake. Na hapo mtego hujirudia katika kizazi kilichofuata, kwani sultani aliyetawala Unguja kutoka 1902 hadi 1911 alikuwa Ali bin Hamud. Ali Hemedi na Ali Hamud: mwanachuoni wa Tanga na mtawala wa Unguja.

6. Mapendekezo

Huenda ikasemwa kwamba ulimwengu wa leo wahitaji majina ya ukoo, na kwamba watu wetu wenyewe wameyakubali katika vyeti na pasi za kusafiria. Hilo ni kweli kwa walio hai, na kila mtu ana haki ya kuitwa apendavyo. Lakini hatuna haki ya kuwapa marehemu jina la ukoo ambalo hawakuwa nalo. Huenda ikasemwa tena kwamba nasaba ndefu hulemea ukurasa. Jibu ni kwamba nasaba hutajwa kamili mara moja tu, katika faharasa au pale mtu anapotajwa kwa mara ya kwanza. Baadaye jina fupi hutosha.

Kwa hiyo yapendekezwa yafuatayo kwa waandishi na wahariri wa majarida yetu. Kwanza, watu wa pwani wa kabla ya zama za majina ya ukoo waorodheshwe kwa jina lao wenyewe, si kwa la baba: Hamed bin Muhammed chini ya H. Pili, jina la kwanza lisifupishwe kamwe kuwa herufi. Tatu, nasaba ifikishwe kwa babu kila mara jina la baba linapokuwa la kawaida. Nne, nisba na lakabu ziwekwe katika faharasa kama vielekezo, ili anayemtafuta Tippu Tip aelekezwe kwa Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi. Tano, tahajia moja ichaguliwe kwa kila mtu na kufuatwa katika kazi yote, na maumbo mengine yatajwe mara moja. Lakini katika kunukuu hati, tahajia ya hati iachwe ilivyo. Sita, cheo kitenganishwe na jina, na 'Seyyid' kisiandikwe 'Said'.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha wala mitambo. Yanahitaji uangalifu, na kukubali kwamba utaratibu wa majina uliotumiwa na watu tunaowachunguza ni sehemu ya lugha yao, kama zilivyo ngeli na vitenzi. Hatuthubutu kubadili upatanisho wa sentensi zao tunapozinukuu. Majina yao nayo yastahili heshima hiyo hiyo, hasa pale ambapo irabu moja ndiyo iliyobaki kuwatenga aliyetia jina lake chini ya amri ya 1897 na aliyetajirika kwa biashara ambayo amri hiyo iliigusa.